Baa ya Tassia ambayo pia ni baraza la mtaa

Msomaji, ukitaka kuzua ugomvi katika nyumba yoyote ya Eastlands Jumapili kama hii, huna haja ya kutafuta maneno mengi. Taja baa tu. Mama atalitua sufuria mezani kwa kishindo na kuuliza mshahara wa mwezi jana ulikwenda wapi. Baba naye atajikohoza, ajifunike gazeti, kisha adai kwamba mwanamume hawezi kukaa chumba kimoja na watoto wanne, televisheni na jiko kuanzia jioni hadi asubuhi.

Kila mmoja ana haki yake. Ndiyo maana leo, badala ya kumsikiliza mmoja na kumpuuza mwenzake, nakualika tufunge safari hadi Tassia, mtaa wa Embakasi jijini Nairobi. Tuingie katika baa moja ndogo ya mtaani, tuketi, tutazame na tusikilize, kisha ndipo tuamue kama ni adui wa nyumba au ni jirani mwema. Jina la baa yenyewe sitalitaja. Makala haya si tangazo la biashara, na wanaokunywa pale hawakuomba kuandikwa gazetini. Isitoshe, ukiizuru mitaa ya Eastlands utakuta nyingi zinazofanana nayo.

NJIA YA KUFIKA

Panda matatu za Embakasi za nambari 33. Aghalabu hupitia barabara ya Jogoo, zikakata Donholm na kuingia Outer Ring Road, ile barabara iliyopanuliwa katika miaka ya 2010 hadi ikawa pana kama uwanja. Mwambie makanga akushushe Tassia. Kuanzia hapo utatembea kwa miguu, na kama mvua imenyesha, basi ukunje suruali.

Jambo la kwanza utakaloliona ni maghorofa. Yamepanda juu, ukuta wa hili ukikaribia kugusana na ukuta wa lile, na kila baraza ina kamba ya nguo. Chini kuna maduka: kinyozi, fundi wa viatu, mama mboga, mwenye chipsi, wakala wa M-Pesa, duka la dawa, na kanisa lililo katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo. Kuanzia mwendo wa saa 11 jioni, watu humiminika kutoka viwandani, kutoka uwanja wa ndege na kutoka katikati ya jiji. Kila mmoja ana mfuko au mkoba, na kila mmoja anaharakisha kuelekea ngazi zake.

Sasa fikiria, msomaji. Mtu huyo amesimama kwenye mashine kutwa, amebanwa kwenye matatu saa nzima, na sasa anapanda orofa ya tano kuingia chumba kimoja. Jirani yake ukutani hamjui jina. Alihamia mwezi uliopita, na huenda mwezi ujao akahama tena kwa sababu kodi imepanda. Watu kama hao wanaishi karibu karibu kama siafu, lakini si majirani. Baa ya mtaani imepenya katika pengo hilo.

NDANI YA BAA

Usitarajie mapambo. Ni chumba cha chini cha ghorofa, mlango wa chuma ukiwa umefunguliwa nusu na pazia jepesi likipepea ili mpita njia asione nani yuko ndani. Kaunta imezungushiwa vyuma kutoka juu hadi chini, na pesa na chupa hupitishwa katika tundu. Mgeni hudhani amefika jela, lakini katika baa za Eastlands hiyo ni kawaida ya miaka mingi kwa sababu ya wezi. Kuna viti vya plastiki, mabenchi mawili ya mbao, televisheni iliyoning'inizwa pembeni, na leseni iliyotiwa fremu ukutani. Nyuma kuna ua mdogo wenye jiko la nyama choma, na moshi wake ndio utakaokukaribisha kabla hujamwona mtu.

Mhudumu atakuuliza swali moja ambalo huenda mgeni kutoka nje asilielewe: "Baridi au moto?" Usishtuke. Hakuna anayechemsha bia. Maana yake ni kwamba unataka ya kutoka kwenye friji, au ile iliyokaa kwenye kreti. Wazee wengi wa Kenya hupenda ya moto, na hawatakubali kubishana nawe kuhusu jambo hilo.

Baada ya nusu saa utaanza kugundua kwamba viti vina wenyewe. Hakuna aliyeandika jina, lakini kile cha karibu na mlango wa ua ni cha mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, na kijana akikikalia huinuka mwenyewe mzee anapoingia. Benchi la ukutani ni la mafundi wa ujenzi. Ukitaka fundi wa bomba au wa umeme, huna haja ya kuuliza mtaa mzima, kwani utampata pale, na ukimpata pale utapata pia watu watano wa kukuambia kama kazi yake ni nzuri au ni ya kubahatisha. Meza ya kati ni ya wachezaji wa drafti, na kete zao ni vifuniko vya chupa, vingine vikiangalia juu na vingine chini. Gor Mahia na AFC Leopards zinapokutana, meza hiyo hugawanyika, lakini nyama hubaki kwenye sahani moja.

Watoto hawaingii. Mtoto akitumwa kumwita baba yake, husimama nje ya pazia na mhudumu huupokea ujumbe. Hilo pia ni sheria, kama tutakavyoona.

KUTOKA CHUNGUNI HADI KWENYE PIPA

Baa kama hii haikuzuka jana. Kabla ya chupa, watu wetu walikuwa na pombe zao, na kila moja ilikuwa na adabu yake. Miongoni mwa Waluhya na Wajaluo kulikuwa na busaa. Unga wa mahindi huloweshwa na kuachwa siku kadhaa hadi uchachuke, hukaangwa juu ya bati, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Wazee waliketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja akivuta kwa mrija mrefu. Kwa Wagikuyu kulikuwa na muratina, iliyotengenezwa kwa asali au maji ya miwa na kuchachushwa kwa tunda kavu la mti wa mwegea, na bila hiyo mazungumzo ya mahari hayakukamilika. Wapwani walikuwa na mnazi, na wangali nao.

Zingatia jambo moja: pombe hizo hazikuwa za mtu kujifungia peke yake. Zilikuwa na siku zake, na wazee walijua nani anastahili kunywa na nani bado ni mtoto. Mtu aliyelewa ovyo aliaibika mbele ya watu wanaomjua kwa jina la baba yake.

Mji ulipokuja, adabu hiyo ilivurugika. Katika miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilijipa haki ya kuwauzia Waafrika pombe yao ya kienyeji katika ukumbi wake wa Pumwani, na faida ikatumiwa kugharimia huduma za mitaa ya Waafrika wenyewe. Akina mama waliopika pombe majumbani wakawa wahalifu wa kusakwa na polisi. Wakati huo huo, mwaka wa 1922, ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walishiriki kuanzisha kiwanda cha bia cha Ruaraka. Bia yao ya kwanza ilipelekwa kwenye hoteli ya Stanley mwezi wa Desemba mwaka huo. George aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, na ndiyo sababu Tusker ilipewa jina hilo na kubandikwa picha ya ndovu. Lakini Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia hiyo ya chupa hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Mitaa ya zamani ya Eastlands angalau ilijengewa mahali pa kukutania. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulipewa ukumbi wa kijamii, na katika ukumbi huo watu walicheza dansi, walifunga harusi na kuzungumza siasa za uhuru. Tassia haikupata bahati hiyo. Ardhi yake ilikuwa ya NSSF, yaani Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni. Watu waliingia, wakajenga, na baadaye hazina ikaanza kuwauzia ploti walizokuwa wamekalia. Mwaka wa 2014 mpango wa kutumia takriban shilingi bilioni 5 kuujengea mtaa barabara na mifereji ya maji taka ulizua mzozo mkubwa nchini, viongozi wa wafanyakazi na waajiri wakiupinga. Katika hali hiyo, kila futi ya ardhi iliota ghorofa. Kwa wengi wasio na pa kukutania, ukumbi wao ukawa ni baa.

Hata chungu cha zamani kimerudi kwa sura nyingine. Mwaka wa 2004 kampuni ya bia ilianzisha Senator, bia ya bei nafuu inayouzwa kutoka kwenye pipa la chuma, baada ya serikali kuiondolea ushuru ili kuwavuta wanywaji wa pombe hatari. Kwa kuwa jina lake ni la seneta, na Barack Obama alichaguliwa kuwa seneta huko Marekani mwaka huo huo, walevi waliibatiza "Obama". Hupikwa kwa mtama wa wakulima wetu. Katika baa yetu ya Tassia, pipa hilo lina upande wake, na wanywaji wake huketi pamoja na vikombe vikubwa vya plastiki wakipokezana habari. Ukiwatazama kutoka mbali, utadhani ni wazee wa busaa waliosahau mirija nyumbani.

MCHANGO KABLA YA CHUPA

Jumamosi moja nilipokuwa pale, mzee wa reli alitoa daftari la shule, akavaa miwani na kuomba televisheni ipunguzwe sauti. Mpira ulikuwa unaendelea, lakini hakuna aliyenung'unika. Mwenzao aliyekuwa akiuza mitumba alikuwa amefiwa na mama yake, na mwili ulikuwa usafirishwe hadi Busia. Daftari lilipita meza hadi meza. Fundi mmoja aliandika shilingi 200, akafikiri kidogo, akaifuta na kuandika 500. Mhudumu mwenyewe aliandika jina lake. Waliokuwa wakinywa soda pia waliandika. Pesa zote zilitumwa kwa simu kwa mweka hazina mmoja mbele ya watu wote, na jumla ikasomwa kwa sauti.

Kisha mzee akasema jambo ambalo si la kusahaulika haraka. Aliwakumbusha kwamba aliyefiwa hakuwa wa kabila la hata mmoja wa waliokuwa wameketi meza yake, na kwamba kule ghorofani anakoishi hakuna aliyejua kwamba amefiwa. Habari ilifika kwa sababu kiti chake kilikuwa kitupu siku mbili mfululizo, na mtu akauliza.

Msomaji, si jambo dogo kuwa na mtu wa kukuuliza ulipo. Tarehe 6 Desemba 2019, jengo la orofa sita liliporomoka hapa hapa Tassia na kuua watu kadhaa. Jeshi, Shirika la Msalaba Mwekundu na wakazi walichimbua vifusi kuwatafuta waliofukiwa. Katika mkasa wa aina hiyo swali la kwanza la mwokoaji huwa ni moja: nani alikuwa ndani? Katika ghorofa ambamo watu hupishana ngazini bila salamu, swali hilo ni gumu kulijibu. Sisemi kwamba baa huokoa watu. Nasema kwamba mahali popote panapowafanya watu wajuane majina, pawe kanisa, msikiti, chama cha akina mama au baa, panaziba ufa ambao zege haliwezi kuuziba.

Nilijifunza desturi nyingine pale. Siku za malipo, wateja wa kila siku hufika kaunta na simu mkononi, na kabla ya kuagiza chochote mhudumu huwauliza kama wameshatuma ya nyumbani. Anayejibu kwamba bado huambiwa atume kwanza, na wenzake humcheka mpaka atume. Desturi hiyo ilianza, walivyoniambia, baada ya mke wa mteja mmoja kufika mlangoni na mtoto mgongoni, akasimama nje ya pazia bila kutukana mtu, akasema tu kwamba mtoto ana homa na nyumbani hakuna hata senti. Mumewe alikuwa ameshanunulia meza nzima raundi mbili. Ile meza ilichanga pesa za hospitali usiku huo huo. Lakini aibu iliwaingia wote, na tangu hapo ya nyumbani hutangulia.

SUMU KARIBU NA MLANGO

Sasa nimgeukie baba anayesoma huku akitikisa kichwa kwa furaha na kujiandaa kumwonyesha mama ukurasa huu. Subiri kwanza, ndugu yangu.

Si mbali na Tassia kuna mitaa ya Mukuru. Mwezi wa Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa huko na vitongoji jirani baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, kemikali ya viwandani. Wengine walipona lakini wakapofuka. Pombe za aina hiyo ziliitwa "kumi kumi" kwa sababu glasi iliuzwa kwa shilingi 10. Mwaka wa 2014 sumu kama hiyo iliua tena makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo, na Februari 2024 ikaua Kirinyaga. Methanoli haina harufu ya kumwonya mnywaji, na anayelewa huidhania ni pombe kali tu. Dalili za kuona ukungu machoni, kutapika na kuumwa tumbo huja saa kadhaa baadaye. Ukiziona kwa mtu, usimwache alale. Mpeleke hospitali upesi.

Mbona watu huinywa? Bei. Mwaka wa 2013 serikali ilipoirejeshea ile bia ya pipa nusu ya ushuru, bei ilipanda, mauzo yakaanguka, na wengi wakarudi vichochoroni. Mwaka wa 2015 ushuru ukapunguzwa tena. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010, iliyozoeleka kama Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, nayo ilijaribu njia nyingine. Ilifuta sheria ya kupiga marufuku chang'aa, ikataka pombe hiyo itengenezwe kwa leseni na kutiwa kwenye chupa. Ilikataza pombe ya pakiti ndogo. Iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana mwishoni mwa juma. Ilizuia baa kuwa karibu na shule, na mtu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa au kuingia. Tangu kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, leseni hutolewa na kaunti.

Lakini hata bia halali kutoka kwenye chupa iliyofungwa ina sumu ya aina yake, nayo huingia mfukoni. Chukua kalamu, baba. Tuseme chupa ni shilingi 250, nawe hunywa mbili tu kila jioni ya siku ya kazi. Hizo ni shilingi 500 kwa jioni, 2,500 kwa juma, na 10,000 kwa mwezi wa majuma manne. Hapo hatujahesabu nyama, wala yule rafiki uliyemnunulia moja. Kwa familia nyingi za mtaa kama huu, hiyo ni kodi ya nyumba. Ukinywa hizo hizo mbili Jumamosi pekee, utatumia 2,000 kwa mwezi. Zile 8,000 zinazobaki ni kitu cha kuzungumza na mama watoto.

Kuna pia wasiofaa kunywa kabisa: mwenye kutumia dawa fulani, mama mjamzito, dereva anayesubiri zamu, na yule ambaye akianza hawezi kuacha. Huyo wa mwisho usimcheke. Ni mgonjwa, na baa iliyo njema itamnyima chupa na kumpa supu.

NA AKINA MAMA JE?

Zamani mwanamke aliyeonekana baa aliitwa majina. Siku hizi utawakuta wakiwa wawili watatu, pengine wafanyakazi wa ofisi moja, pengine akina mama wa chama wakimalizia mkutano wao kwa nyama choma. Katika baa yetu huketi uani, karibu na jiko, na mwanamume anayekwenda kuwasumbua hukemewa na benchi la mafundi kabla hata hawajalalamika.

Kuna mwanamke mwingine ambaye wengi hawamwoni: mhudumu. Yeye ndiye amiri wa mahali pale. Anajua nani ametosha, nani ana ugonjwa wa sukari, nani amegombana na mkewe na nani amefutwa kazi lakini bado anavaa tai. Hufunga hesabu saa ambazo matatu zimepungua, kisha hutembea kurudi kwake peke yake. Wateja wa baa hii walipanga zamu ya kumsindikiza hadi mlangoni kwake, wawili wawili ili kusiwe na maneno. Wanamwita "mama" ingawa baadhi yao wanamzidi umri, na yeye huwaita "mzee" hata walio vijana. Kutokana na heshima hiyo, akimwambia mtu "Leo umetosha, mzee, nenda ulale," mtu huinuka.

UTAAMBUAJE BAA NJEMA?

Nimeahidi tutaamua, basi hebu tuamue. Kabla ya kuifanya baa yoyote kuwa kituo chako, iangalie kwa macho ya mzazi. Leseni iko ukutani, na mlango hufungwa saa zilizowekwa? Chupa hufunguliwa mbele yako? Kuna chakula, au ni pombe tupu? Watoto na wanafunzi huzuiwa? Mhudumu huheshimiwa? Mtu akilewa, je, hupelekwa nyumbani au huachwa mtaroni bila simu na bila viatu?

Kisha uliza swali kubwa kuliko hayo yote: ukikosekana siku tatu, nani atagundua? Kama jibu ni kwamba hakuna, basi pale huna jamaa, una muuzaji tu. Afadhali ununue soda dukani ukanywe na watoto.

Nawe mama, nina neno kwako pia. Usiipige vita baa usiyoijua. Siku moja mwambie baba akupeleke, Jumamosi mchana, mle nyama na umsalimie huyo mhudumu na huyo mzee wa daftari. Wakijua sura yako na majina ya watoto wako, mumeo hatakuwa mteja tu tena machoni pao. Atakuwa baba ya fulani, na baba ya fulani hauziwi chupa ya sita kwa urahisi. Akikataa katakata kukupeleka, basi hapo una sababu ya kuuliza kuna nini kule.

Na wewe baba, mkubaliane mambo matatu na uyaandike: kiasi cha pesa kwa mwezi, siku za kwenda, na saa ya kurudi. Ya nyumbani ikitangulia, na ukarudi mlangoni ukiwa bado unaweza kumsaidia mtoto hesabu zake, sidhani mama atakugombeza kwa ajili ya chupa mbili za Jumamosi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku nyumba ikiungua moto au mtoto akizidiwa usiku wa manane, ndugu zako wa Kakamega, Machakos au Nyeri hawatafika kabla ya mapambazuko. Atakayefika ni yule unayemjua kwa jina hapo Tassia. Hakikisha basi kwamba kuna anayekujua, naye awe anakujua kwa wema.